Chuma Nyuma ya Kisogo

Mpwa wangu anaishi Columbus, Ohio, na mwaka jana alinunua gari ambalo mama yake mpaka leo hajalisamehe. Ni Mazda MX-5 la toleo la kwanza, lile lililooneshwa Chicago Februari 1989: siti mbili, taa za mbele zinazoinuka na kulala kama macho ya chura, na juu yake turubai unaloweza kulikunja kwa mkono mmoja ukiwa umeketi. Gari zima halifiki tani moja. Picha ilipofika Tanga, dada yangu aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama kulia, akaitazama kushoto, kisha akaandika swali moja kwenye kundi la familia: "Paa liko wapi?"

Kijana si mjinga. Naye alijiuliza swali hilohilo, ndiyo maana miezi michache baadaye akaamua kufunga nyuma ya siti kile chuma ambacho Wamarekani hukiita "roll bar". Mashindano hana habari nayo. Gari ni la kwendea kazini, na Jumapili analizungusha huko nje ya mji kwenye mashamba ya mahindi. Akanipigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba," maana kwetu jina hilo huenda na kurudi, mjomba na mpwa huitana sawa. "Nisaidie kumweleza mama hiki chuma ni cha nini. Wewe ndiye mtu wa maneno."

Ni kweli, tafsiri ndiyo inayonilisha. Nimetafsiri karatasi za dawa, maelekezo ya paneli za sola, hata masharti ya bima ya mifugo. Nikaona hii ni kazi ya dakika tano. Nikaandika: "Ni nondo ya kuzuia gari lisipinduke." Dada akajibu kabla sijaiweka simu mezani: "Kama kuna nondo ya kuzuia gari lisipinduke, mbona hawafungi kwenye mabasi?"

Siku mbili sikujibu. Nilikuwa nahesabu makosa. Katika sentensi ya maneno sita nilikuwa nimekosea mara mbili, pengine tatu.

La kwanza ni nondo. Nilifuata Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hapo kinapotosha. Nondo imejaa chuma ndani. Ndiyo tunayoimwagia zege. Kitu alichofunga kijana ni bomba. FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, linataka tao kuu la gari la mashindano liwe la bomba lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 kwa unene wa 2. Ndani ni hewa tupu. Aliyewahi kukata mwanzi haulizi kwa nini: uzito uleule ukiusogeza wote kwenye duara la nje, unapata kitu kigumu kukunja kuliko kijiti kilichojaa. Hata hivyo usimwambie fundi wa kuchomelea "bomba" ukaishia hapo, atakuletea bomba la maji. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kupigwa na lami, na fundi anayesema vyote ni chuma tu ni wa kuagwa kwa adabu.

La pili ni kuzuia, na hapo ndipo dada yangu aliponikamata. Chuma kile hakizuii gari kupinduka. Gari likiamua kwenda, linakwenda nacho. Kazi yake inaanza pale ambapo kuzuia kumeshindikana.

Wakati najilaumu nikagundua kwamba mkanganyiko huu ni wa Waingereza kabla haujawa wangu. Chini ya gari hilohilo, mbele na nyuma, kuna chuma kingine kilichopinda kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Hicho hupunguza gari kulala upande linapokata kona. Na jina lake kwao ni lilelile la tao la nyuma ya siti, ila mbele yake wamebandika kiambishi cha kupinga. Basi yule wa kupinga hakusaidii kitu gari likishakuwa chali, na huyu wa kusaidia jina lake linasikika kama ndiye anayelibiringisha. Mtu akiagiza kimoja akaletewa kingine, sitashangaa. Mafundi wetu, wawe wa Gerezani Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road Nairobi, walikwishajinasua zamani: cha chini ni stabilaiza, habari kwisha.

Nikarudi kwenye daftari nikafuta kuzuia, nikaandika kinga.

Kukinga ni kitenzi ninachokipenda. Maana yake ni kuweka kitu kwenye njia ya kitu kinachokuja. Unakinga mvua kwa mwavuli: mvua haikomi, ila haikupati. Na ni kitenzi hichohicho unapotega ndoo chini ya mchirizi wa bati: unakinga maji. Kuepusha na kupokea, vyote kwa neno moja. Nilipokuwa shule nilidhani ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Sasa naona ni mwendo mmoja wa mkono. Na tao la nyuma ya siti hufanya yote mawili kwa mpigo, maana huipokea ardhi ili kichwa kisipokee.

Kilichonitia wasiwasi ni jinsi kinga ilivyopanda cheo siku hizi. Mbunge ana kinga bungeni, aliyechanjwa ana kinga, rais mstaafu ana kinga. Masikioni mwa msomaji wa leo neno hilo linakaribia kuwa ahadi ya kutoguswa. Mimi sikutaka dada yangu aamini kwamba mwanawe hataguswa. Nilitaka ajue kuna chuma, kimesimama sentimita chache nyuma ya kisogo cha mwanawe, na kina masharti.

Kosa la tatu sina hakika kama ni kosa. Ni kupinduka. Magazeti yetu yana sentensi moja ya ajali ambayo kila mtu anaijua kwa moyo: gari liliacha njia na kupinduka. Neno hilo linatazama mwisho wa safari tu, tumbo juu. Mtumbwi hupinduka. Serikali hupinduliwa, na ndiyo maana shina hilohilo limebeba Januari 1964 ya Zanzibar, wa chini juu na wa juu chini. Lakini kupinduka hakusemi gari limefikaje hapo. Kubingirika ndiko kunakosema njia, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama gunia la nazi lililoponyoka mteremkoni, na ndiko kuliko karibu na neno la Kiingereza.

Anayechomelea tao anahitaji kuijua tofauti hii kuliko mtunga kamusi. Gari likipinduka tu, yaani likalala chali na kutulia, tao moja lililosimama wima lingeweza kutosha. Likibingirika, kishindo huja ubavuni, kisha juu, kisha ubavu wa pili, na wakati huo gari bado linakwenda mbele, kwa hiyo lami inalivuta tao kurudi nyuma kama inayotaka kuling'oa. Kwa sababu hiyo tao la maana lina miguu miwili ya ziada inayoshuka kwa nyuma kuelekea matairi, na mara nyingi bomba jingine linalokatiza mshazari kutoka pembe ya juu mpaka ya chini upande wa pili. Kila mguu umekanyaga sahani ya chuma, na upande wa pili wa bati la bodi kuna sahani mwenzake, bolti zimepita katikati zikayabana yote matatu. Bila sahani hizo mguu hutoboa bati na kuzama, kama mguu wa kiti cha plastiki kwenye mchanga wa mvua. Aliyeichora miguu ile ya nyuma alikuwa akifikiria kubingirika, hata kama tangazo la biashara linasema kupinduka.

Neno likinishinda huwa naenda kuuliza kwa majirani.

Wajerumani husema Überrollbügel. Nusu ya mwisho, Bügel, ni kitu chochote kilichopindwa kikawa na kazi: kitundikio cha nguo ni Bügel, na kikuku cha kukanyagia unapopanda farasi nacho ni Bügel. Nikasimama hapo. Kiswahili pia kina kikuku, na ni kilekile, cha kupandia farasi. Nikakaa nalo nusu siku nikilifurahia. Halafu nikamfikiria kijana akimwandikia mama yake Tanga, "Mama, nimefunga kikuku", na nikikumbuka maneno yanayosemwa mjini kuhusu vikuku vya miguuni, nikalifuta kwa haraka.

Wafaransa wana arceau, kitao kidogo. Waswidi wana störtbåge, upinde wa kuanguka, jina lisilomdanganya mtu. Wahispania wanasema barra antivuelco, fimbo ya kupinga kupinduka, yaani kosa langu mimi, ila lao limekwishazoeleka. Nilifarijika.

Watu wa kawaida hawangoji wataalamu wamalize kikao. Mwaka 1979 Volkswagen ilipotoa Golf lisilo na paa, iliacha tao moja nene la wazi katikati ya gari, kutoka ubavu hadi ubavu. Wajerumani walilitazama wakaona kikapu chenye mkono wake mmoja juu, wakaliita Erdbeerkörbchen, kikapu kidogo cha kuchumia stroberi. Jina hilo limeishi muda mrefu kuliko vipeperushi vyote vya kiwanda. Porsche nao tao lao lilipata jina, ila wao walikwenda kutafuta lenye fahari. Septemba 1965, Frankfurt, walionesha 911 lenye tao pana la chuma lililoachwa wazi bila haya, wakati ambapo wauzaji wa magari walihofu Marekani ingepiga marufuku magari yasiyo na paa. Wakaliita Targa, kutoka Targa Florio, mbio za milimani Sicily zilizoanza 1906. Targa kwa Kiitaliano ni bamba, lile la tuzo, na zamani ilikuwa ngao. Ni jina zuri kwa kitu kama hicho. Ila Mwitaliano wa leo ukimwambia targa, anakwenda moja kwa moja kutazama kibao cha namba.

Mercedes-Benz nao walichagua haya. SL la mwaka 1989 lilikuwa na tao lililolala nyuma ya siti, halionekani, na vipokezi vikihisi gari linaanza kwenda upande, springi inalirusha juu kwa theluthi moja ya sekunde. Dereva analipata pale tu anapolihitaji. Ni uhandisi wa kustaajabisha. Kwa mtu wa istilahi ni mtihani vilevile, kwa sababu kitu ambacho hakuna anayekiona hakiitwi mitaani, na kisichoitwa mitaani hubaki na jina la kitabuni maisha yake yote.

Katika kutembea huko ndipo nikakutana na paa.

Gari la aina hii Ulaya nzima huitwa kabrioleti kwa namna moja au nyingine. Neno ni la Ufaransa ya karne ya 18, na lilikuwa la kigari cha farasi chepesi cha magurudumu mawili, kilichokuwa kikirukaruka barabarani. Kilipofungwa mita ya kuhesabu nauli kikawa babu wa teksi. Jina lake likaunganisha mita na kabrioleti, sehemu ya pili ikaanguka njiani, sisi tukapokea ya kwanza. Jina la kigari lilitokana na kuruka, na kuruka kulitokana na mnyama: Kiitaliano capriolo, mnyama mdogo wa misitu ya Ulaya, miguu myembamba, mruko wa ghafla. Ukimtafutia Kiswahili bila kwenda kumsumbua mtaalamu wa wanyama, utamwita paa.

Dada yangu aliuliza paa liko wapi. Paa yumo kwenye jina.

Kiswahili kina bahati hapo ambayo sidhani lugha nyingine inayo. Paa hili ni la nyumba, paa huyu ni wa porini, na kupaa ni kwenda juu, na ngeli ndizo zinazotukinga tusichanganyikiwe. Gari lililopoteza paa hili limebatizwa kwa paa huyu. Na si hayo tu. Kutoka kwa mnyama huyohuyo Waitaliano wana capriola, na maana yake hadi leo ni kichwangomba, ule mchezo wa watoto wa kujirusha miguu juu kichwa chini. Basi kichwangomba kilikuwa kimeshawekwa ndani ya jina la gari hili zaidi ya miaka mia moja kabla halijapata injini. Nilimtumia mpwa wangu ugunduzi huu usiku wa manane kwa saa zetu. Akajibu kwa kicheko na swali: "Sasa mama nimwambie hilo au nisimwambie?"

Nikamwambia asimwambie.

Lilikuwepo swali gumu zaidi, na lilitoka kwa mama mwenyewe. "Kama gari linahitaji chuma ili mtu asife, kwa nini asinunue lenye paa?" Sina jibu la kumshinda. Serikali ya Marekani yenyewe ilipotunga kanuni ya nguvu ya paa, iliyoanza kutumika 1973, iliyaacha nje magari ya paa la kukunja. Na ilipoikaza mwaka 2009, iliyaacha nje tena. Kwa hiyo anayenunua gari hili ananunua upepo, akijua sheria ilipofika kwake iligeuza uso. Chuma cha nyuma ya kisogo ni mmiliki kujiwekea mwenyewe kile ambacho hakuna aliyemlazimisha muuzaji kukiweka.

Ila mmiliki naye huweza kupitiliza, na kupitiliza huku kuna jina lake. Nje ya tao moja kuna ule mfumo mzima wa mabomba unaomzunguka dereva mbele, juu na ubavuni. Kwa Kiingereza ni tundu la ndege. Kwetu wafugaji wa kuku wa mayai wanasema keji, na mimi ningesema kizimba, neno ambalo tayari limepata kazi ya pili mahakamani. Magari ya Safari Rally yanayopiga vumbi Naivasha yote yana kizimba, na ni sawa kabisa, kwa sababu aliyemo ndani amevaa helmeti na mikanda imembana mabega yote mawili kwenye siti isiyotikisika. Mpwa wangu anakwenda kazini na kofia ya kitambaa. Bomba lililopita sentimita kumi kutoka panda la uso wake halingojei gari libingirike. Linatosha agongwe kidogo kwenye taa za barabarani, kichwa kiyumbe, kikutane nalo. Chuma kilekile kinachomlinda wa Naivasha ndicho cha kumpasua wa Columbus. Kwa gari la barabarani nasema tao la nyuma peke yake, na kizimba kibaki kwa wenye helmeti. Hilo ni oni langu, na wapo watakaonuna.

Hata hilo tao la nyuma haliaminiki likiwa tupu. Ukigongwa kwa nyuma, siti hulala na kisogo hurudi. Ndiyo maana bomba hufunikwa sponji, na sponji yenyewe ni somo. Kijana alinunua kwanza ile laini ya rangi za kupendeza, wanayoshikilia watoto kwenye bwawa la kuogelea. Ukiibonyeza inakubali mara moja, vidole vinakutana na chuma. Ile ya kweli ukiikandamiza kwa kidole gumba unadhani umeuziwa gogo. Imetengenezwa ikubali kichwa, si kidole. Alipoishika mama yake kwa maneno, yaani alipoelezwa, alisema ni sawa na godoro la hospitali, na kwa wanaoyajua magodoro hayo hakuna maelezo zaidi yanayohitajika.

Kuna aina ya tatu ambayo sikutaka kuitaja lakini lazima. Kuna matao yanayofanana na tao, yanang'aa, yamefungwa kwa bolti ndogo kwenye bati tupu, na kazi yao ni kupigwa picha. Sisi tunayajua. Pikapu ngapi za mjini zina tao la kung'aa nyuma ya kebini, juu ya bodi ya mizigo, ambalo mtu akiliegemea analisikia likicheza? Kiingereza huyapa yote mawili neno moja la chuma na kutofautisha kwa kivumishi. Mimi ningeyatenga kabisa. Hilo ni pambo la pikapu, na halistahili hata herufi moja ya jina la mwenzake.

Siku ya kupima tulikuwa wote kwenye simu ya video, Tanga, Dar es Salaam na Columbus. Tao limekwishafungwa, jeusi, sponji imezungushwa na kukazwa kwa kamba za plastiki. Kipimo ni cha zamani na hakina kompyuta: unachukua mpini wa ufagio, unaulaza kutoka kileleni mwa tao hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, dereva akiwa ameketi. Kichwa chake chote kinatakiwa kiwe chini ya mpini. Gari likilala chali, mstari huo ndio ardhi. Klabu za mashindano za Marekani huongeza kwamba kilele cha tao kiwe juu ya helmeti kwa inchi mbili, kama sentimita tano. Na usisahau kwamba ncha ya mbele ya mstari imeegemea fremu ya kioo, ambayo kwenye gari jepesi kama hili si nguzo ya kuwekea imani yote.

"Ufagio wa nini tena?" dada akauliza. Ufagio wake yeye ni wa chelewa, hauna mpini, na kwa dakika nzima alikuwa akijaribu kuona jinsi unavyolazwa juu ya gari.

Huko Columbus, mkwe wetu akaushika mpini upande wa nyuma, jirani yao akaushika mbele. Ukatua. Ukagota utosini kwa mpwa wangu, toki, sote tukasikia. Hakuna aliyecheka. Akashuka, akang'oa kava la siti, akachukua kisu cha mkate akaanza kukata sponji ya kukalia. Wenye magari haya Marekani hufanya hivyo kila siku, na wameipa kazi hiyo jina la utani lenye mkia wa hospitalini, ule wanaoubandika kwenye jina la kiungo kilichoondolewa kwa upasuaji. Nililipenda hilo jina kuliko istilahi zote nilizokutana nazo mwezi ule. Alikata, akaketi, akakata tena. Mara ya tatu mpini ulipita, na kati yake na nywele mkwe akapitisha vidole vitatu vilivyolazwa.

Hapo ndipo niliposoma pendekezo langu. Tao kinga. Tao kwa sababu ndilo umbo lake, nalo halimwahidi mtu kitu. Kinga nimeiweka nyuma, bila kiunganishi, kama mwitu nyuma ya mbwa, isije ikasimama mbele ikatoa ahadi. Nilieleza pia kwamba jambo hili si geni kwetu kama tunavyodhani. Nyuma ya siti ya trekta nyingi za kisasa kuna tao kama hilihili. Uswidi ilililazimisha kwa trekta mpya tangu 1959, kwa sababu wakulima walikuwa wakifa chini ya matrekta yao. Niliwahi kumuuliza dereva mmoja wa trekta, Mbarali, lile tao wanaliitaje. Akalitazama kama aliyeulizwa jina la kivuli chake. "Hilo? Hilo la kufungia turubai." Jua la Mbarali huja kila siku, kupinduka huja mara moja, na jina limefuata cha kila siku.

Dada alinyamaza muda. Alikuwa ameisogeza simu karibu na uso mpaka tukawa tunaona jicho moja tu.

"Kumbe ni mtambaapanya," akasema.

Kwa wasiojenga nyumba za miti: mtambaapanya ni ule mti unaolazwa juu ya ukuta, ambao kombamoyo za paa huja kukaa juu yake. Jina lake linajieleza, usiku ndiyo barabara ya panya. Nyumba ya babu yetu Pangani ilikuwa nao wa mkoko, mweusi kwa moshi. Mwaka mmoja upepo ulichukua makuti yote usiku, na asubuhi tukiwa watoto tuliona anga pale palipokuwa na paa, na chini ya anga ule mti, palepale ulipokuwa. Dada alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka minne. Yeye ndiye aliyenibeba kutoka nje.

Nikamwambia mtambaapanya hulazwa na hili limesimama. Nikamwambia ule hukaa juu ya ukuta, na hapa ukuta haupo. Nikamwambia istilahi inatakiwa imfae hata asiyewahi kulala nyumba ya makuti, na kwamba baraza likikaa kuipitisha wataanza na umbo, watafuata na kazi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akamuuliza mkwewe kama mpini wa ule ufagio ni wa mti au wa plastiki, na kama wa mti, Marekani wanauza shilingi ngapi.

Kwenye daftari langu imeandikwa tao kinga, kwa wino. Kwenye kundi la familia wote sasa wanasema mtambaapanya, na juzi mtoto wa mdogo wangu, ana miaka saba, aliuliza kama panya wa Ohio wanaendesha gari au wanatambaa tu.